Kadi imeandikwa "aleji ya penisilini": hatua za kujua kama ni kweli

Mgonjwa akisema "mimi nina aleji ya penisilini", mara nyingi maongezi huishia hapo. Mhudumu anachukua kalamu nyekundu, anaandika juu ya faili, anabadilisha dawa, na kuanzia siku hiyo hakuna anayeuliza tena. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo si ya kweli. Nchini Marekani, ambako jambo hili limefuatiliwa kwa miaka mingi, karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi wa hospitali ana alama hiyo kwenye kumbukumbu zake. Wakipimwa ipasavyo, zaidi ya tisa kati ya kumi wao wanakutwa wanaweza kutumia dawa hiyo bila tatizo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako wewe mwenye kadi ya namna hiyo, kwa mzazi wa mtoto mwenye kadi hiyo, na kwa mwenzangu wa zahanati, kituo cha afya au duka la dawa anayekutana na wagonjwa hawa kila mara. Sharti moja kabla hatujaanza: usimeze kidonge nyumbani ili ujijaribu. Mtu mwenye aleji ya kweli ya penisilini yupo, na anaweza kufa ndani ya dakika chache. Kazi yetu ni kumtambua huyo, tusimchanganye na wale wengine wengi.

Kwa nini usumbuke

Penisilini ni ukoo mzima wa dawa. Ndani yake wamo amoksilini, ampisilini, kloksasilini na flukloksasilini, X-pen, PPF na benzathini (hizi tatu ni za sindano), na vilevile Ampiclox na Augmentin, ambazo wengi huzinunua bila kujua kwamba ni penisilini. Kadi ikisema "aleji", zote hizo zinawekwa kando kwa mpigo, na mara nyingi jamii ya sefa, yaani seftriaksoni, sefazolini na wenzao, nayo inaogopwa. Daktari anabaki na azithromaisini, siprofloksasini, klindamaisini, jentamaisini, vankomaisini. Hizi ni dawa nzuri mahali pake. Lakini jentamaisini inaweza kuumiza figo na masikio, klindamaisini huvuruga bakteria wema wa tumboni, na vankomaisini ni dawa ya kuwekwa kwenye mshipa hospitalini. Isitoshe, mara nyingine dawa mbadala haitibu sawasawa: bakteria aina ya stafilokoka akiingia kwenye damu, na ikiwa hajawa sugu kwao, kloksasilini au sefazolini humtibu mgonjwa vizuri kuliko vankomaisini.

Madhara yake yameshapimwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba watu wenye alama ya aleji ya penisilini walikuwa na hatari ya kupata MRSA, yaani stafilokoka sugu, kwa asilimia 69 zaidi ya wenzao, na hatari ya kuharisha kunakoletwa na bakteria wa *Clostridioides difficile* kwa asilimia 26 zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, wa Marekani, ulikuta uwezekano wa kidonda cha upasuaji kuingia vijidudu umepanda kwa nusu, na sababu ilikuwa hiyohiyo: wagonjwa walipewa dawa ya pili badala ya ile bora.

Shirika la Afya Duniani linazigawa antibayotiki katika makundi matatu. Amoksilini, kloksasilini na benzathini zimo kundi la kwanza, zile za kutumiwa mwanzo. Azithromaisini, siprofloksasini na seftriaksoni zimo kundi la pili, linalotakiwa kuangaliwa kwa sababu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza. Kila alama ya aleji isiyo ya kweli inamhamisha mgonjwa mmoja kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, tena kwa maisha yake yote.

Kwetu Afrika Mashariki yapo magonjwa mawili yanayonifanya nisiweze kulinyamazia jambo hili. La kwanza ni kaswende kwa mama mjamzito. Dawa inayoaminika kumtibu mama pamoja na mtoto aliye tumboni ni benzathini. Erithromaisini na azithromaisini hazifiki kwa mtoto kwa kiasi cha kutegemewa, kwa hiyo mama anaweza kuandikiwa kwamba ametibiwa huku mtoto akizaliwa na kaswende, au asizaliwe hai. La pili ni ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ule unaokula vali za moyo za watoto. Kinga yake ni sindano ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia watoto na vijana 818 waliogundulika mapema kwa kipimo cha moyo cha ultrasaundi. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa sindano, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Matokeo yalichapishwa 2022. Katika sindano zote zile, anafilaksia, yaani mshtuko wa aleji unaokumba mwili mzima, ilitokea mara moja, tena ikiwa hafifu. Mtoto aliyefungiwa sindano hiyo kwa sababu ya kipele cha utotoni ambacho hakuna aliyekiuliza vizuri anapoteza kinga kubwa sana.

Hatua ya 1: Tafuta kisa, usitafute jibu la ndiyo au hapana

Chukua karatasi. Kama mama yako, shangazi au yeyote aliyekulea yupo, mpigie simu kabla hujaenda hospitali, kwa sababu alama nyingi zilianza utotoni na wewe hukumbuki. Andika:

- Dawa ilikuwa ipi hasa, ya kunywa au ya sindano? Ilitolewa kwa ugonjwa gani?
- Siku hiyo ulipewa dawa gani nyingine?
- Ulianza kuona mabadiliko baada ya dakika, saa au siku ngapi?
- Nini kilitokea mwilini? Usiandike "ilinikataa". Andika kilichoonekana: vipele, mabaka, kuvimba, kutapika, kuzimia.
- Ulifanyiwa nini? Ulichomwa sindano ya kuokoa maisha (adrenalini), ulilazwa, au iliisha yenyewe?
- Ni miaka mingapi imepita?
- Tangu hapo umewahi kutumia amoksilini, Ampiclox au Augmentin?

Swali la mwisho ndilo hufungua mafundo mengi. Wako watu wenye kadi ya aleji ya penisilini ambao mwaka jana tu walikunywa dozi nzima ya Ampiclox kwa jino na hawakupata lolote. Mtu wa namna hiyo, kama tukio lake la zamani halikuwa la hatari, ameshajipima bila kujua.

Mazungumzo ya dirisha la dawa huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naona hapa wameandika una aleji ya penisilini. Ilikuwaje?"

"Aa, sindano hiyo mimi sichomwi kabisa. Nilichomwa nikiwa msichana, nikakesha najikuna."

"Ulikuwa unaumwa nini mama?"

"Malaria. Basi mwili mzima ukawasha, viganja na nyayo ndiyo usiseme. Wala hakuna kipele hata kimoja."

"Na vidonge ulipewa?"

"Vile vyeupe, vichungu hivyo!"

Vidonge vyeupe vichungu vya malaria, mwili unawasha, viganja na nyayo zaidi, ngozi haina kitu: hiyo ni klorokwini. Waliokulia enzi zake wanaujua muwasho ule, na Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Mama huyu amebeba kosa la klorokwini kwa jina la penisilini miaka yote hiyo. Ndiyo maana naomba tuulize dawa zote za siku ile, maana zamani na hata leo mgonjwa huondoka na kifurushi chenye dawa tatu nne.

Wa pili kusingiziwa kwa jina la penisilini ni Septrini. Septrini ni salfa, haina undugu na penisilini, na inajulikana kwa kuleta vipele, pengine vibaya sana, hasa kwa wanaoishi na virusi vya ukimwi. Aleji ya salfa iandikwe salfa.

Hatua ya 2: Ondoa yasiyo aleji

Kichefuchefu, kuharisha, tumbo kusokota na fangasi sehemu za siri ni maudhi ya dawa. Yaandikwe kama maudhi.

"Baba yangu anayo" si aleji yako. Aleji ya penisilini ya mzazi haitoshi kumnyima mtoto dawa.

Mtoto mwenye homa aliyepewa amoksilini, kisha siku ya tatu au ya tano akatoka vipele vidogo bapa visivyowasha sana, mara nyingi vipele hivyo vimeletwa na virusi vilivyokuwa vinamuumiza tangu mwanzo. Huko Montreal, Kanada, watoto 818 waliodhaniwa kuwa na aleji ya amoksilini walipewa dawa hiyo tena chini ya uangalizi, na asilimia 94.1 hawakupata kitu. Matokeo hayo yalitoka 2016.

Aliyetibiwa kaswende akapata homa, baridi, kichwa na maumivu ya misuli saa chache baada ya sindano, mwili wake umeitikia kufa kwa vimelea wengi kwa pamoja. Hali hiyo kwa kawaida huisha ndani ya saa 24. Mjamzito akiipata asikae nayo nyumbani, kwa sababu inaweza kuamsha uchungu, ila isiandikwe kuwa ni aleji.

PPF nayo ina lake. Ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, mgonjwa hushikwa na hofu kali ya kifo, huona au kusikia visivyokuwepo, moyo unakwenda mbio, kisha hali hutulia ndani ya muda mfupi. Hilo linatokana na jinsi dawa ilivyoingia.

Halafu kuna kuzimia. Benzathini inauma, na mtu mwenye njaa aliyesimama akiogopa sindano anaweza kuanguka: anapauka, anatoka jasho, mapigo yanakuwa ya polepole, akilazwa anarudiwa na fahamu. Kwenye aleji kali mapigo kwa kawaida huenda mbio, na mara nyingi mabaka, uvimbe au kifua kubana huonekana. Hapa niwaombe wenzangu mnaochoma sindano za moyo muwe makini mno. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa ushauri kwamba baadhi ya vifo vilivyofuata sindano ya benzathini kwa wagonjwa wenye vali zilizoharibika vibaya huenda vilisababishwa na moyo wenyewe kushindwa kuhimili mshtuko wa namna hiyo, si aleji. Kwa mgonjwa wa kiwango hicho zungumzeni na daktari wake kuhusu dawa ya kumeza. Kwa wengine: wale na wanywe maji kabla, walale kitandani wakati wa kuchomwa, na mpunguze maumivu kadiri mnavyoweza.

Hatua ya 3: Pima ukubwa wa hatari

Dalili hizi zikiwepo kwenye kisa, simama. Usijaribiwe kwenye zahanati wala kituo cha afya:

- ngozi kubabuka au kutoka malengelenge makubwa, vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri;
- homa na vipele pamoja na uvimbe wa tezi, ini au figo kuathirika;
- damu kupungua ghafla kwa sababu ya dawa.

Watu hawa hawarudishiwi penisilini, hata kwa majaribio. Aliyewahi kuvimba ulimi au koo, kuishiwa pumzi au kushuka presha ndani ya saa moja au mbili baada ya dawa ni wa mtaalamu wa hospitali kubwa, hata kama ni miaka mingi.

Kwa watu wazima waliobaki kuna kipimo rahisi cha maswali kiitwacho PEN-FAST, kilichotengenezwa na watafiti wa Melbourne, Australia, na kuchapishwa 2020. Tukio likiwa la miaka mitano iliyopita au karibu zaidi, pointi 2. Likiwa la anafilaksia, uvimbe wa uso na koo, au ngozi kuharibika vibaya, pointi 2. Likiwa lilihitaji matibabu, pointi 1. Kama muda au matibabu hayajulikani, hesabu kana kwamba jibu ni ndiyo. Mwenye sifuri ana uwezekano wa chini ya asilimia 1 wa kuwa na aleji ya kweli. Pointi 1 au 2 ni kama asilimia 5, pointi 3 ni asilimia 20, na 4 au 5 ni nusu kwa nusu.

Miaka inahesabiwa kwa sababu aleji ya penisilini hufifia. Kati ya waliokuwa nayo kweli, ile ya kutokea ghafla, karibu nusu huwa imewatoka baada ya miaka mitano, na baada ya miaka kumi karibu wanane kati ya kumi.

Hatua ya 4: Kupimwa kwenyewe

Kipimo cha ngozi kinahitaji vitendanishi maalumu na mtu aliyefundishwa. Kuchoma tone la dawa ya kawaida chini ya ngozi na kuangalia kama panavimba hakukupi jibu la kutegemea, kwa upande wowote.

Kwa mwenye hatari ndogo ipo njia nyingine: kunywa dozi moja ya amoksilini mbele ya mhudumu na kuangaliwa. Mwaka 2023 jaribio lililofanyika Amerika ya Kaskazini na Australia kwa watu wazima karibu 380 wenye PEN-FAST chini ya 3 lililinganisha njia hii na ile ya kuanza na kipimo cha ngozi. Kila upande alipatikana mtu mmoja tu aliyepata aleji.

Omba hili lifanyike mahali penye daktari, oksijeni na adrenalini iliyo tayari. Uwe mzima siku hiyo, huna homa, na pumu yako imetulia. Dawa za kuzuia muwasho kama setrizini na piritoni ziachwe siku tatu kabla, la sivyo zitaficha dalili. Mwambie daktari kama unatumia dawa ya presha ya jamii ya atenololi. Mtu mzima hupewa amoksilini miligramu 250 au 500, kisha anakaa hapohapo kwa angalau saa moja. Watoto kule Montreal walipewa kwanza sehemu ya kumi ya dozi, halafu iliyobaki. Ukifika nyumbani endelea kujitazama siku kadhaa, maana vipele vya kuchelewa vinaweza kuja.

Mhudumu, usianze kabla hujaivuta adrenalini ya 1:1000 ukaiweka mkononi. Mtu mzima miligramu 0.5, mtoto wa miaka 6 hadi 12 miligramu 0.3, wa chini ya hapo hadi miezi sita miligramu 0.15. Inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na inarudiwa baada ya dakika tano kama hali haijabadilika. Piritoni na haidrokotisoni hazichukui nafasi yake.

Kama unaumwa leo na hakuna muda wa kupimwa

Usifiche alama yako, na usikubali iwe neno la mwisho. Toa kisa ulichoandika hatua ya kwanza. Hofu ya kwamba mmoja kati ya kumi wenye aleji ya penisilini atadhurika na dawa za jamii ya sefa ni ya zamani, tangu enzi ambazo dawa hizo zilikuwa na mabaki ya penisilini ndani yake. Leo makadirio ni kama asilimia 2. Sefazolini, inayotumika sana kabla ya upasuaji, ina umbo lake la pekee, na seftriaksoni haifanani na amoksilini. Za kuangaliwa ni sefaleksini, inayofanana na ampisilini, na sefadroksili, inayofanana na amoksilini. Waliobabuka ngozi wanaachwa nje ya hesabu hii.

Mama mjamzito mwenye kaswende na aleji iliyothibitishwa apelekwe hospitali ya rufaa azoeshwe dawa: hupewa penisilini ya kunywa kwa vipimo vidogo sana vinavyopanda taratibu kwa muda wa saa nne hivi, kisha anachomwa benzathini. Mwili unaivumilia kwa kipindi hicho tu, kwa hiyo kadi yake inabaki na alama.

Hatua ya 5: Sahihisha maandishi

Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Mtu anapimwa, anaambiwa uko salama, halafu faili la zamani linabaki na wino uleule mwekundu. Omba waandike na kusaini: "Tarehe fulani alikunywa amoksilini miligramu 500 mbele ya mhudumu, akaangaliwa saa moja, hakupata tatizo. Anaweza kutumia penisilini." Maandishi ya zamani yakatwe kwa mstari mmoja, si kufutwa kabisa, ili anayesoma ajue kwamba yalichunguzwa. Kwenye hospitali zenye mfumo wa kompyuta, ombeni alama iondolewe humo pia, kwa sababu daktari wa zamu ya usiku anasoma skrini, hasomi kadi yako.

Kama imethibitika una aleji, andika kwa ukamilifu: "Amoksilini, vidonge, mwaka fulani, baada ya nusu saa uso ulivimba na kifua kilibana, alichomwa adrenalini." Karatasi hiyo ipigwe picha ikae kwenye simu yako na ya mtu wa nyumbani. Dukani taja majina, kwa kuwa ukisema "penisilini" peke yake muuzaji anaweza kukupa Ampiclox bila kuunganisha mambo: amoksilini, ampisilini, kloksasilini, Ampiclox, Augmentin, X-pen, PPF, benzathini, zote sizitumii.

Na kila unapofunguliwa faili jipya, ukihamia mji mwingine au kadi ya kliniki ya mtoto ikibadilishwa, hakikisha kilichonakiliwa ni maandishi yaliyosahihishwa. Ndugu anayekusindikiza naye aambiwe, maana siku ukiwa hujitambui ndiye atakayeulizwa.